Wote Tulikuwa Admin

Karatasi ile niliipokea nikiwa juu ya ngazi, mikono yote miwili ndani ya dari ya koridoo, nikibadilisha waya wa taa. Katibu wa utawala alisimama chini akaitikisa bahasha.

"Mama, shuka kwanza. Unapashwa kusaini."

Nilishuka. Ilikuwa demande d'explication, ile barua ambayo kila mfanyakazi wa mji wetu anaijua hata kama hajawahi kuandikiwa. Wakubwa wanakuuliza kwa nini ulifanya kosa fulani, nawe unapewa saa arobaini na nane kujibu kwa maandishi. Hawakuulizi kama ulilifanya. Yangu ilisema kwamba mimi, fundi wa umeme na mitambo wa kliniki, nilikata maji ya maternité, wodi ya uzazi, asubuhi tatu katika juma moja, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi karibu saa tatu, bila kumjulisha mtu, na kwamba wanawake walizaa huku wakunga wakinawa mikono kwa maji ya bidoni, yaani ya madumu. Chini kulikuwa na sahihi ya gestionnaire, yaani msimamizi wa utawala, mkubwa wa pili wa kliniki baada ya daktari mkurugenzi.

Nilisaini kwamba nimepokea. Kisha nikapanda tena ngazi nikamaliza kufunga waya, kwa sababu koridoo lilikuwa giza na wagonjwa walikuwa wanapita. Niliangusha skrubu mbili.

Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka kumi na moja. Kliniki yenyewe ni ya watu binafsi, jengo la ghorofa tatu, na sitaitaja jina kwa sababu ninaowaeleza hapa bado tunaonana. Natoka katika familia za Waislamu wa zamani wa Kisangani, wale ambao mababu wao walifika na misafara ya biashara wakakaa moja kwa moja. Kwetu wanaume walikuwa mafundi: washonaji, maseremala, watengeneza saa. Baba alitengeneza redio barazani, na mimi nilimshikia taa mpaka siku moja nikamwonyesha waya aliokuwa hauoni. Katika darasa la umeme nilikuwa msichana peke yangu. Nilipoanza kazi kulikuwa na wagonjwa walioomba aitwe "fundi mwenyewe" wakati nimesimama mbele yao, kitambaa kichwani na bisibisi mkononi. Nilijifunza kujibu "ni mimi" bila kuongeza neno.

Lakini kuwakatia maji wanawake wanaozaa? Mimi niliyezaa watoto wanne katika mji huu, wawili kati yao kwa mwanga wa taa ya mafuta? Hilo ndilo lililonichoma, kuliko hata hofu ya kufukuzwa.

Ili mambo yaeleweke lazima niseme kidogo juu ya automate. Ndivyo tulivyoiita ile mashine iliyoongoza jengo zima: sanduku la chuma lililofungwa ukutani katika chumba cha mitambo, nyuma ya jenereta, lenye kioo unachokigusa kwa kidole. Ndiyo inayoamua jenereta iwake lini umeme wa mji ukikatika, feni za chumba cha upasuaji zizunguke kwa nguvu gani, friji ya dawa isipande joto, na pampu ya kisima chetu ipeleke maji wapi. Pampu ni moja na matangi ni mawili. Dogo liko chini na linalisha maternité na chumba cha upasuaji. Kubwa liko juu ya paa na linalisha ghorofa za juu. Pampu haina nguvu ya kujaza yote mawili pamoja, kwa hiyo nilikuwa nimeipanga automate ijaze kwanza la chini kila asubuhi.

Mafundi walioifunga walitoka mji mkuu. Walikaa wiki mbili, wakasifu sana lituma yetu, zile ndizi za kupondwa, wakatuachia kitabu kinene cha Kifaransa, wakaondoka. Ndani ya mlango wa sanduku walibandika kipande cha plasta ya hospitali na kuandika kwa kalamu jina la kuingilia, admin, na chini yake neno la siri, ambalo nalo lilikuwa admin. Kwa miaka minne kila aliyetaka kitu aliingia hivyo. Mlinzi alipotaka taa za uani ziwake mapema, aliingia. Mtu wa duka la dawa aliposikia joto, aliingia. Mimi mwenyewe niliingia hivyo. Nilipata kusema kikaoni kwamba si vizuri, na gestionnaire akanijibu kwamba sisi ni familia moja, na familia haifichani. Watu wakacheka, nami nikaacha. Nakubali hilo lilikuwa kosa langu. Mengine siyakubali.

Jioni ile nilimwonyesha mume wangu barua. Yeye ni seremala, karakana yake iko uani kwetu, upande wa Simi-Simi. Aliisoma amesimama, vumbi la mbao likimwangukia kwenye karatasi.

"Mama wa watoto, andika pardon, mistari miwili, iishe. Ule papa gestionnaire akiisha kusoma atatia barua ndani ya drawer, atasahau."

"Na mimi? Nitasahau?"

"Kazi iko nguvu kupata."

"Najua. Ndiyo maana sitaandika kama nilifanya kintu sikufanya. Wakiisha kupata sahihi yangu, siku ile frigo ya dawa itaharibika watasema ni mimi tena, na karatasi watakuwa nayo."

Alirudi kwenye mguu wa kiti aliokuwa anaupiga randa.

Asubuhi nilianza kwa mkunga mkuu. Ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Kindu, aliyekuja Kisangani zamani na mume wake mtumishi wa serikali. Ninamwita yaya, dada mkubwa. Niliogopa atanigeuzia mgongo, maana wanawake wake ndio walioteseka. Alifunga mlango nyuma yangu.

"Mimi nilisema maji ilikatika," alisema. "Sikusema ni nani. Ile jina walilitia wao."

"Saa unazikumbuka, yaya?"

"Kukumbuka ya nini? Niliandika."

Alifungua rejista ya uzazi, kile kitabu kikubwa ambamo kila mtoto anaingia na dakika yake. Mbele ya watoto watano, kwenye safu ya mwisho, alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: maji ya bidoni. Asubuhi ya kwanza mtoto wa kiume, saa kumi na mbili na dakika hamsini. Nusu saa baadaye msichana. Asubuhi ya pili mapacha. Asubuhi ya tatu msichana mmoja tena, saa mbili kasoro robo. Niliandika saa zote kwenye karatasi nikaenda nazo chumba cha mitambo.

Automate ina daftari lake la ndani, journal, ambamo kila badiliko linajiandika: saa, kitu kilichobadilishwa, na jina la aliyebadilisha. Nililifungua, na mwanzoni sikuelewa kitu. Tarehe hazikuwa za kwetu. Nilitazama saa yangu ya mkononi, nikatazama saa ya mashine, na hapo nikaona kwamba ilikuwa nyuma yetu kwa siku kumi na tisa na saa tano. Tangu ifungwe hakuna aliyeirekebisha. Nilipindua ndoo, nikakaa juu yake, nikaanza kuongeza kila mstari siku kumi na tisa na saa tano. Mistari sita ikaangukia mahali pake, miwili kwa kila asubuhi. Asubuhi zile tatu, muda mfupi kabla ya yaya kuandika kwa wino mwekundu, mtu alikuwa ameigeuza pampu ijaze kwanza tangi la paa. Karibu saa tatu aliirudisha ilivyokuwa.

Na jina la mtu huyo, mara zote sita, lilikuwa admin.

Nilikaa pale juu ya ndoo mpaka miguu ikafa ganzi. Mimi nilikuwa admin. Mlinzi alikuwa admin. Duka la dawa, katibu, mkurugenzi mwenyewe, wote tulikuwa admin. Ukiwa na kosa mkononi na unatafuta pa kuliweka, unachagua tu, na mimi ndiye ambaye mikono yake iko ndani ya mitambo kila siku. Sikuwa na njia ya kujitetea. Lakini pia, nilijiambia, hawakuwa na njia ya kunihukumu.

Jibu langu niliandika siku hiyo hiyo, kwa Kifaransa changu cha shule. Lilikuwa fupi. Sikukata maji. Aliyekata aliingia kwa jina linalotumiwa na kliniki nzima, kwa hiyo leo hakuna anayeweza kuonyesha ni nani, hata mimi. Usalama wa mitambo umeandikwa katika kazi zangu, na hali hii naiondoa juma hili. Mume wangu aliisoma, akatikisa kichwa, kisha akachukua kalamu akanirekebishia herufi mbili zilizokosa alama zake. Nilijua hapo kwamba hatanizuia.

Jumamosi asubuhi, siku ambayo ofisi zimefungwa na jengo limetulia, nilikaa mbele ya kioo na kile kitabu kinene. Sura ya usimamizi na usalama ilikuwa karibu na mwisho, kurasa zake bado zimeshikana. Hakuna aliyewahi kuifungua. Kitu cha kwanza ilichoniambia ni kutazama orodha ya akaunti. Nilidhani nitakuta moja. Nilikuta saba. Kulikuwa na admin. Kulikuwa na moja iliyoitwa test. Mbili zilikuwa za mafundi wa mji mkuu. Tatu walizitengeneza walipotufundisha kuitumia mashine, kisha zikasahauliwa: yangu, ya mlinzi wa wakati ule ambaye sasa ni marehemu, na ya fundi mwenzangu wa zamani aliyeacha kazi akaenda kufanya biashara ya mawese na mihogo Bengamisa. Zote saba zilikuwa na haki zote. Na njia ya kuingilia kutoka nje, kwa intaneti, ilikuwa wazi. Yaani yule muuza mawese, kama angekumbuka na kama simu yake ingekuwa na chaji, angeweza kuzima jenereta yetu katikati ya upasuaji.

Nilimpigia simu.

"Unajua bado uko na akaunti kwetu?"

Alicheka sana. "Mimi? Niliisha kusahau hata rangi ya ile sanduku. Futa, mama, futa!"

Nilimfuta. Nilimfuta marehemu pia, na hilo lilinichukua muda kidogo kabla ya kubonyeza, kwa sababu alikuwa mtu mwema. Nilifuta test. Nilifuta wale wawili wa mji mkuu na kuifunga njia ya nje. Siku tutakapohitaji msaada wao tutaifungua, na jioni tutaifunga. Nikarekebisha saa ya mashine. Nikapanga kwamba kioo kisipoguswa dakika kumi kijifunge chenyewe, na kwamba anayekosea neno la siri mara tano angoje saa nzima.

Baada ya hapo nikaanza kuwapa watu akaunti, kila mmoja kwa jina lake na kwa kadiri ya kazi yake. Mlinzi: taa za uani, basi. Duka la dawa: kuona joto la friji. Yaya: kuona maji yako wapi ndani ya tangi lake. Daktari mkurugenzi: kuona kila kitu, na kuzima mitambo kukiwa na hatari. Yangu: kazi zote za kila siku.

Nilipofika kwa gestionnaire nilisimama. Kidole kilikuwa hewani. Kitabu kilisema mpe kila mtu kile tu ambacho kazi yake inadai. Nikajiuliza kwa haki kabisa, kama vile angekuwa amesimama pale: kazi ya huyu papa inadai ageuze pampu? Haidai. Inadai ajue hali ya jengo lake. Nikampa haki ya kuona yote bila kubadilisha chochote, nikabonyeza.

Ile admin yenyewe huwezi kuifuta, kwa hiyo niliipa neno jipya la siri, refu, nikaliandika kwenye karatasi, nikaitia ndani ya bahasha, nikasaini juu ya gundi. Pamoja nayo niliweka daftari la shule lenye safu nne: jina, saa, sababu, sahihi. Nikaandika ripoti ya kurasa tatu. Nikampelekea vyote daktari mkurugenzi, ambaye Jumamosi hakosi kwa sababu ya upasuaji. Alikuwa anaharakisha, kofia ya kijani tayari kichwani.

"Docteur, hapa ndani iko neno la siri kubwa la automate. Mutu akilihitaji, anafungua, lakini anaandika jina na sababu."

"Très bien, très bien," alisema. Alisaini nakala ya ripoti bila kukaa, akafungia bahasha na daftari ndani ya kabati lake la chuma.

Nilirudi nikaing'oa ile plasta mlangoni. Ilinibidi niikwangue kwa bisibisi.

Jumatatu saa moja asubuhi gestionnaire aliingia chumba cha mitambo. Nilidhani katika miaka minne hajaingia humo zaidi ya mara mbili. Alikuwa na shati jeupe na alisimama mbali na jenereta ili isimchafue.

"Ni nani alibadilisha mot de passe?"

"Ni mimi, papa gestionnaire. Ya kwako iko ndani ya bahasha juu ya meza yako."

"Niliona. Niliingia mbele ya wewe kufika. Naona yote, lakini siwezi kugusa kintu."

"Ndiyo. Yako iko ya kuangalia."

"Ya kuangalia! Sentinelle anaweza kuwasha taa, na mimi, mukubwa wa iyi nyumba, siwezi hata ile?"

"Taa ni kazi ya sentinelle. Papa alitaka kubadilisha nini?"

Hasira ilimtangulia. "Wagonjwa wa étage, wale wa juu, wataoga na nini? Iko saa moja! Kila asubui wananiita, eti maji inatoka kidogo kidogo, eti walichukua chumba cha peke yao bule..."

Alikuwa amejisikia mwenyewe. Nyuma yetu pampu ilikuwa inanguruma, ikijaza tangi la chini.

"Donc ni wewe," nilisema. Sikusema papa.

Alitazama sakafu. "Sikujua kama tangi ya chini itaisha. Nilifikiri iko na réserve."

"Na ile barua uliniandikia?"

"Bon, ile ni procédure. Maji ilikatika. Mutu wa maji ni wewe."

Aligeuka akatoka, na nikasikia viatu vyake vikipanda ngazi kuelekea ofisi ya mkurugenzi.

Nitasema ukweli: nilimwamini kuhusu tangi. Hakuwa na nia ya kuwadhuru wale wanawake. Watu wa vyumba vya juu walikuwa wanampigia kelele, akatafuta njia fupi. Lakini siku aliposaini karatasi yangu alikuwa ameshajua maji yalikwenda wapi. Hapo hapakuwa na la kutojua.

Saa nne tuliitwa kwa mkurugenzi, watu watatu: gestionnaire, mimi, na yaya, ambaye alikuja na rejista yake chini ya kwapa. Daktari wetu ni mpasuaji mzuri na anachukia ugomvi. Alianza na uchovu katika sauti.

"Mama, mupe gestionnaire accès yake. Tumalize."

"Docteur, nitafanya leo leo. Uniandikie tu."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba unaniamuru nimupe haki ya kugeuza maji ya maternité. Na kwamba siku maji itakatika tena, fundi hataulizwa."

"Alors, unanikatalia?"

"Sikatae. Naomba karatasi. Mimi pia nilipewa karatasi."

Yaya aliweka rejista mezani.

"Na mimi nataka copie ya ile karatasi," alisema. "Nitaibandika ukutani, fasi wanawake wanazalia. Wasome."

Daktari alishika paji la uso. Gestionnaire akasema kwamba hakuna haja ya kuniomba mimi chochote, neno kubwa la siri liko ndani ya kabati. Ilikuwa kweli. Daktari alisimama, akafungua kabati, akatoa bahasha na daftari la shule, akaviweka mbele yake.

"Haya, fungua. Andika hapa kwanza."

Gestionnaire alichukua kalamu. Aliandika jina lake. Aliandika saa. Alipofika kwenye safu ya sababu, kalamu ilisimama. Tulimngoja. Nje mtu alikuwa anaita namba za wagonjwa. Mwishowe alikata jina lake kwa mstari mmoja, akaiweka kalamu chini.

"Mimi siwezi kusaini daftari ya fundi."

Ungedhani mambo yaliishia hapo, lakini mkurugenzi hakutaka mtu wake wa pili atoke pale ameshindwa na mwanamke wa mitambo. Aliamua niende kusaidia chumba cha kufulia nguo, kwa muda, mpaka roho zitulie. Nilimwomba hilo pia aliandike. Hakuliandika. Nilikwenda.

Nilikaa kule wiki tatu, kati ya mashuka ya upasuaji na mapipa ya maji moto. Baadhi ya watu walinionea huruma, wengine walipita mlangoni wakiniuliza kama sabuni nayo ina mot de passe. Niliwajibu kwamba ipo, na hawataipata. Siku ya pili niliona mashine ya kukamua nguo imesimama muda mrefu kwa sababu ya mkanda uliokatika. Niliifungua nikaitengeneza kwa mkanda wa zamani wa jenereta, na wale mama wa kufua, waliokuwa wanakamua mashuka kwa mikono wawili wawili, walipiga vigelegele mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Nilikuwa nimeshushwa cheo, na wiki zile sikumwinamia mtu. Nikikutana na gestionnaire nilimsalimu kwa sauti kubwa, "Bonjour, papa gestionnaire!", nikamtazama machoni mpaka apite.

Maternité haikukosa maji hata asubuhi moja.

Katika wiki ya tatu gestionnaire alileta fundi wa kompyuta kutoka mjini, mwanamume wa makamo mwenye mkoba wa nyaya. Alijaribu admin, akajaribu namba zinazofuatana, akajaribu jina la kliniki. Mara ya tano kioo kikajifunga. Alingoja saa nzima, akaanza tena, kikajifunga tena. Baadaye alishuka akanitafuta kwenye mvuke.

"Mama, ni wewe ulifunga ile kintu kule juu?"

"Ni mimi."

"Uliifunga muzuri." Alijifuta jasho. "Nimemuambia papa njia iko moja, kufuta yote na kuanza zéro. Lakini feni za operation na frigo zitafutika pamoja. Mimi siwezi kutia mukono mule. Na nimemuandikia ile."

"Umeandika?"

"Nimeandika, nimesaini."

Nilitamani kumkumbatia, lakini mikono yangu ilikuwa na povu.

Kesho yake mkurugenzi mwenyewe alikuja chumba cha kufulia. Sikuwahi kumwona pale. Alisimama na viatu vyake vya plastiki vya upasuaji kati ya mashuka yaliyotundikwa, asijue aweke mikono wapi. Wale mama walitoka mmoja mmoja.

"Mama," alisema, "wagonjwa wa étage wanalalamika kweli. Hakuna njia?"

"Iko, docteur. Tangi ya juu tunaweza kuijaza saa tisa za usiku, wakati ya chini iko imejaa na hawatumii sana. Ikifika saa kumi na moja, zote mbili ziko muzuri. Ni kazi ya dakika kumi."

"Dakika kumi?"

"Hakuna mutu aliniuliza. Waliniandikia tu."

Alinitazama, akavuta kikapu cha nguo, akakaa juu yake. Nilimwambia ninachotaka, na sikupunguza hata kimoja: ile barua iondolewe kwenye faili langu na iandikwe kwamba imeondolewa; mipangilio ya automate ibaki kama ripoti inavyosema, kwa wakubwa na kwa wadogo; na mimi nirudi kwenye chumba changu. Alitoa mfukoni kitabu chake cha kuandikia dawa, akaandika yote matatu kwa mkono wake, kwa mwandiko ule wa madaktari ambao nilimwomba aurudie mahali pawili. Akasaini. Muhuri ulifuata alasiri.

Zile dakika kumi zilikuwa ishirini, kwa sababu vali ya juu ilikuwa imeshika kutu. Kesho yake asubuhi yaya alifungua bomba la maternité, akaacha maji yamwagike juu ya mikono yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na wakati huo huo ghorofani watu walikuwa wanaoga.

Gestionnaire hakuniomba msamaha. Alianza kuitumia akaunti yake. Ninaona kwenye journal, sasa kwa saa iliyo sawa: kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu anaingia, anatazama matangi mawili, anatoka. Miezi kadhaa baadaye, asubuhi ya mvua kubwa, simu yangu ililia nikiwa bado njiani juu ya pikipiki. Ilikuwa sauti yake.

"Mama, tangi ya chini inashuka mbio mbio. Haiko kawaida. Fanya mbio."

Nilikuta bomba limepasuka chini ya sinki la chumba cha kuzalia, maji yamefika kwenye koridoo, na yeye amevua viatu, suruali imekunjwa mpaka magotini, anajaribu kuziba ufa kwa taulo. Nilipiga magoti kando yake. Sikuwa nimemsamehe, na mpaka leo sijamsamehe. Nilimpa ufunguo wa kukazia bomba.

"Shika hapa," nilimwambia, "usiachilie."

Akashika.